GTV 2000 ya 1972 kwa ajili ya sakiti: gurudumu la mbele la ndani linaning'inia, tatizo liko wapi?

#1 MtuWaNord
Habari wakuu. Gari ni Alfa Romeo GTV 2000 ya 1972, breki za ATE, giaboksi ya kiwanda, difu ya 10/41 yenye kufuli ya ZF (sahani zinazozuia gurudumu moja la nyuma lisizunguke bure). Linaandaliwa kwa siku za sakiti, baadaye mashindano ya magari ya kale. Yaliyokwisha kufanyika: springi za mbele zimekatwa ili pua ishuke 50 mm, shokapu mpya ngumu pande zote, stabilaiza ya mbele (fimbo inayozuia bodi isilale kwenye kona) nene kuliko ya kiwanda, tairi 195/60 R14. Injini haijaguswa.

Kwenye kona kali za gia ya pili gurudumu la mbele la ndani linaachana na lami kabisa, unapitisha kiganja chini yake. Ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona, pua inasukuma nje. Picha za GTA (toleo jepesi la mashindano la familia hii) za miaka ya 60 zinaonyesha kitu hicho hicho. Je, ni tabia ya gari au kuna kitu kimeharibiwa? Na hela inayofuata iende kwenye miguu (springi, stabilaiza, mikono) au kwenye injini?

#2 Kabureta_Mbili
Tabia ya gari. Hizi familia ya 105 (namba ya kiwanda ya Giulia na GTV) zimenyanyua mguu tangu Autodelta, timu ya mashindano ya Alfa, wanazipeleka Monza, na zilikuwa zinashinda. Gurudumu la ndani mbele kwenye kona kali lina mzigo mdogo sana hata likiwa chini, kwa hiyo likiinuka hupotezi kikubwa. Weka hela kwenye injini.

#3 Fundi Stabilaiza
Mkuu #2 taratibu. Kunyanyua kidogo ni tabia, kiganja kizima ni ujumbe. Mzigo wa kona unagawanywa kati ya mbele na nyuma kwa kufuata upande upi ni mgumu zaidi kulala. Umeweka stabilaiza nene mbele, nyuma umeacha ya kiwanda. Maana yake umeuambia mwisho wa mbele ubebe karibu kazi yote ya kuzuia bodi isilale. Gurudumu la ndani linaishiwa mzigo, linaondoka.

Jaribio ni la bure: fungua linki moja ya stabilaiza ya mbele, ifunge kwa waya isigonge, zunguka polepole kwenye kona ile ile. Gurudumu likikaa chini, umepata jibu. Likiendelea kuinuka, rudi hapa.

#4 ChumaChakavu
Kabla ya hilo, springi zilizokatwa. Zitoe leo. Ukikata springi unaipunguzia urefu wake wa asili, na gurudumu likishuka hadi mwisho springi inalegea kwenye kiti chake. Mbele ya 105 springi imekaa kati ya mkono wa chini na bodi. Ikilegea inaweza kuhama, na gurudumu likirudi chini inakaa upande. Pia inakuwa ngumu zaidi kwa kuwa mizunguko imepungua, lakini kwa kiasi ambacho hukukipanga.

Pima hivi: gari likiwa chini, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda. Nyanyua kwa jeki chini ya bodi hadi gurudumu liachane na ardhi, pima tena. Tofauti ndiyo nafasi ya kushuka uliyobaki nayo. Ukipata chini ya 40 mm, gurudumu linaning'inia kwa sababu halina pa kwenda. Stabilaiza haihusiki.

#5 MtuWaNord
Shukrani #3 na #4. Nitapima. Kuna mtu alisema GTA za Autodelta zilikuwa na "bloku ya kuteleza" nyuma na ndiyo siri yote. Naomba ufafanuzi.

#6 Profesa wa Ekseli
Hapo ndipo uzi unapoanza kunoga.

Nyuma ya 105 ni ekseli nzima. Inashikwa na mikono miwili ya chini inayoelekea mbele, na juu katikati kuna mkono wenye umbo la T uliofungwa juu ya difu. T inafanya kazi mbili: kuzuia difu isijizungushe ukikanyaga mafuta, na kuzuia ekseli isiende pembeni. Kwa kuwa inashika ekseli pale juu, nukta ambayo bodi inaizunguka upande wa nyuma inapolala iko juu sana, juu ya kitovu cha ekseli.

Nukta ikiwa juu, sehemu kubwa ya mzigo wa kona inahamia gurudumu la nje la nyuma papo hapo, kupitia vyuma, bila kusubiri springi. Ndiyo maana GTV ya kawaida inazungusha gurudumu la nyuma la ndani bure ukitoka kwenye kona kali.

Autodelta waliondoa kazi ya pembeni kwenye T na kuipa bloku inayopanda na kushuka ndani ya reli ya wima, chini kwenye difu. Nukta ikashuka sana. Nyuma ikawa haikimbilii kuhamisha mzigo, matairi mawili ya nyuma yakabaki yanauma, na kazi ikahamia mbele. Mbele ikaanza kunyanyua mguu.

Kwa hiyo GTA kwenye picha inanyanyua mguu kwa sababu nyuma yake ni nzuri. Gari la mleta mada lina T ya kiwanda, nukta iko juu. Likinyanyua kiasi hicho sababu ni nyingine.

#7 Kabureta_Mbili
Profesa, zipo GTV za barabarani zisizo na bloku wala nini, na zinanyanyua. Nenda mzunguko wowote wa magari ya kale Ulaya ukasimame kwenye kona kali.

#8 Profesa wa Ekseli
Sijasema hazinyanyui. Nimesema sababu si ile ile. Mbele ni ngumu, nyuma springi za kiwanda ni laini, ukikanyaga mafuta uzito unakimbilia nyuma na pua inakuwa nyepesi. Mbele inayolala kwa shida na nyuma inayokaa chini kama kuku anayeatamia, matokeo unayaona.

#9 Dada wa Spana
Jambo la kusahihisha kabla halijaenea: kwenye uzi mwingine humu watu wamesema GTA zote 500 za 1600 ziliuzwa na bloku. Hapana. Bloku ilikuwa kwenye magari ya mashindano. Na bodi ya GTA si alumini yote. Paneli za nje ni aloi ya alumini zilizopigwa ribiti, chasisi ya ndani ni chuma. Uzito unaotajwa wa GTA ni kilo 745 bila vimiminika, wakati GTV 2000 inatajwa kama kilo 1,040 tayari kwa barabara. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili si kilo 295 za kweli, usipange hesabu zako juu yake.

#10 Lamborghini_ya_Kariakoo
Wakuu mmemaliza? Mimi nauliza tu kama ni halali kuikata GTV ya 1972 namna hii. Bei zake siku hizi zinaumiza kichwa.

#11 ChumaChakavu
GTA halisi usiiguse. GTV 2000 ambayo imeshakatwa springi, fanya kazi. Lakini usitupe kipande chochote cha kiwanda. Weka kwenye boksi, andika.

#12 Bodi na Kutu
Hakuna aliyegusa bodi. Gari la miaka 50 lenye stabilaiza nene halipimwi kwa stabilaiza, linapimwa kwa kutu. Nguvu ya 105 dhidi ya kujipinda iko kwenye sili za pembeni. Zina tabaka la nje, la ndani na la kati. Fundi wa rangi anaweka la nje jipya, la kati limeliwa, gari linang'aa na linajipinda kama sinia.

Jaribio: milango imefungwa, nyanyua kwa jeki kona moja tu ya mbele, chini ya sehemu imara ya chasisi. Angalia mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma. Ukibadilika waziwazi, au mlango ukigoma kufunguka, acha habari ya springi. Bodi yenyewe imekuwa springi, na haina shokapu.

Kagua pia viti vya springi za nyuma, sehemu za mbele za mikono ya chini ya ekseli, na pale stelingi boksi inapofungwa kwenye reli ya chasisi. Pale hupasuka, na nyufa zinajificha chini ya uchafu wa grisi. Fremu ya kujikinga ya pointi sita iliyochomelewa vizuri inarudisha ugumu kuliko stabilaiza yoyote.

#13 Fundi Stabilaiza
#12 upo sahihi kuhusu kutu ila umegeuza mambo. Bodi inayojipinda haipeleki tofauti ya ugumu wa mbele na nyuma sawasawa, kila mwisho unaanza kufanya mambo yake. Stabilaiza nene inapoteza sehemu ya kazi. Gari lililooza lingenyanyua *pungufu*.

#14 Bodi na Kutu
Lingenyanyua bila mpangilio. Leo kulia, kesho kushoto. Mleta mada, ni pande zote au upande mmoja?

#15 MtuWaNord
Pande zote sawa. Vipimo vimetoka: nafasi ya kushuka mbele ni 30 mm kulia, 32 kushoto. Mlango haukubadilika nilipoweka jeki. Linki ya stabilaiza ikifunguliwa gurudumu linainuka kidogo sana, bado linainuka.

#16 ChumaChakavu
30 mm. Nilisema.

#17 Fundi Stabilaiza
Linki ikifunguliwa inainuka kidogo sana. Nilisema.

#18 Lamborghini_ya_Kariakoo
Hongereni nyote wawili, mmeshinda 😂

#19 Mkono wa Juu
Kwa upole wakuu, nyote mnazunguka jambo lenyewe. Kushusha mbele 50 mm kunafanya mikono ya chini ielekee juu upande wa gurudumu. Mikono ikiinama hivyo, nukta ya kulala ya mbele inashuka zaidi ya bodi yenyewe ilivyoshuka. Umbali kati ya nukta hiyo na kitovu cha uzito unakuwa *mrefu* kuliko mwanzo, bodi inataka kulala zaidi. Mtu anaona inalala, anaongeza stabilaiza. Stabilaiza inanyanyua gurudumu. Umeshusha gari, ukalipa mara mbili.

Dawa ya 105 inajulikana: spesa inayonyanyua boljointi ya juu kwenye nakoli (kipande kinachobeba gurudumu). Mkono wa juu unainamia katikati ya gari, nukta inapanda, na gurudumu la nje linapata kemba hasi (juu yake linainamia ndani) kadiri linavyobanwa. Lakini ukishaweka:

– Mkono wa juu wa kiwanda haurekebishiki kwa kemba. Badilisha na wenye uzi, na lenga nyuzi 2.5 hadi 3 hasi kwa tairi za mashindano. Kwa tairi za barabarani, 2 zinatosha.
– Kasta (mwinamo wa nakoli kuelekea nyuma) inawekwa kwa fimbo ya juu. Hakikisha kulia na kushoto ziko sawa, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki.
– Pima upya kama magurudumu yanajigeuza yakipanda na kushuka. Toa springi, panda na shuka kwa jeki, 10 mm kwa 10 mm, soma kwa geji.
– Spesa inayowekwa kwa bolti ndefu za duka la vifaa vya ujenzi itakuua. Bolti za daraja 10.9 au zaidi, uzi uingie kamili.

Springi mpya, usinunue kwa jina. Ya mbele imekaa karibu na katikati ya mkono. Springi ikisogea nusu ya gurudumu, ugumu unaofika kwenye gurudumu ni robo tu: springi ya 100 N/mm inakupa kama 25 kwenye gurudumu. Ndiyo maana namba za springi za mbele za 105 zinatisha wanaozoea magari mengine.

#20 Profesa wa Ekseli
#19 anaongea vizuri, lakini kunyanyua nukta ya mbele peke yake kunaongeza mzigo unaohamia mbele papo hapo. Ukiacha stabilaiza ile ile, gurudumu litaning'inia zaidi. Lazima stabilaiza ipungue.

#21 Mkono wa Juu
Ndiyo, bodi inalala kidogo, kwa hiyo stabilaiza nene haina kazi tena. Rudisha ya kiwanda, pima kwanza.

#22 DifuMbaya
Na pua kusukuma nje ukikanyaga mafuta? Hiyo mnaiacha kwenye stabilaiza bure. Ana kufuli ya ZF. Ya kiwanda ya 25% haina makali, ila ikiwa mtu amebadilisha sahani na kuibana kupita kiasi, magurudumu mawili ya nyuma yanataka kwenda mwendo mmoja na yanaisukuma pua moja kwa moja. Jaribu: jeki nyuma, gia huru, gurudumu moja chini, zungusha lingine kwa spana ya toki. Ukikuta linagoma hadi namba kubwa, difu ndiyo inayosukuma. Kama linazunguka kirahisi, basi sahani zimeisha na hilo ni tatizo lingine.

#23 MtuWaNord
Asante. Hilo sikulifikiria. Swali la pili: injini. Fundi mmoja anashauri kusaga hedi ili kompresheni ipande kutoka 9 hadi 10.5. Rahisi kuliko pistoni mpya?

#24 Mzee wa Pistoni
Usithubutu. Tupige hesabu.

2000 ni 84 × 88.5 mm, cc 1,962. Kila silinda 490.5. Kwa 9:1 nafasi ya juu ya pistoni ni 490.5 ÷ 8 = cc 61.3. Kwa 10.5:1 unahitaji 490.5 ÷ 9.5 = cc 51.6. Unatakiwa kuondoa cc 9.7. Chemba ni pana karibu kama silinda, kwa hiyo kila milimita unayosaga inaondoa kama cc 5.5. Hesabu inadai 1.75 mm. Hedi haina chuma cha kutoa hivyo.

Nusu milimita inakupa kama 9.4:1. Kwa faida hiyo ndogo umepata: cheni ya kemshafti inalegea na taimingi inachelewa, vali zinasogea karibu na pistoni, na hedi haiwezi kusagwa tena siku ikipinda. Nunua pistoni zenye kuba.

Na ukishafungua, mambo ya Nord (jina la injini hii ya Alfa) ni haya:

Silinda ni slivu za chuma zinazokaa ndani ya bloku ya alumini, maji yanazizunguka. Slivu lazima zisimame juu kidogo ya uso wa bloku, sifuri hadi 0.06 mm, na zilingane. Zibane kwa vipande vya chuma kabla ya kupima, vinginevyo ringi za chini zinakudanganya. Slivu iliyozama inachoma gasketi ndani ya siku moja ya sakiti.

Kuna ringi sita za mpira kwenye njia za oili kati ya bloku na hedi. Hizo ndizo zinazoleta oili kwenye maji. Watu wanalaumu hedi imepasuka, kumbe ringi ya bei ndogo iliwekwa ikiwa imejikunja.

Krenki ina vizibo kwenye njia za oili. Vitoe, safisha uchafu wa miaka yote, weka vya uzi vyenye gundi. Kikiruka kwa mizunguko 7,000 kwa dakika unapoteza presha na beringi kwa pamoja.

#25 Kabureta_Mbili
Kwa 8,000 itakuwa salama na fimbo nzuri? GTA Junior zilizunguka zaidi ya hapo.

#26 Mzee wa Pistoni
GTA 1300 Junior ilikuwa 78 × 67.5. Mpigo mfupi. Kwa 9,000 pistoni yake inakwenda wastani wa mita 20.3 kwa sekunde. Ya 2000 yenye 88.5 inafika 20.7 ikiwa 7,000 tu, na kwa 8,000 ni 23.6. Usilinganishe mwendo wa injini kwa geji, linganisha mpigo. Bolti za fimbo za kiwanda zilizokwisha kutumika, 6,500 ndiyo heshima. Bolti mpya na fimbo za chuma kilichofuliwa, 7,200 unaishi vizuri.

GTAm, toleo la mashindano lililofuata GTA, iliyompa Toine Hezemans ubingwa wa Ulaya wa magari ya abiria 1970 ilikuwa na mpigo huo huo wa 88.5, silinda 84.5, cc 1,985. Ila hiyo ilifunguliwa na Autodelta kila mara. Wewe una fundi mmoja na wikendi.

#27 Dada wa Spana
Nyongeza kwa #24. Ukiweka kemshafti kali, vali za Nord zimekaa kwa pembe kubwa, nyuzi 80 kati yao. Mbali na vali kugonga pistoni, vali ya kuingiza na ya kutoa zinaweza kugongana zenyewe kipindi zote ziko wazi. Weka udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha kwa mkono, fungua, kata udongo, pima. Kuingiza usishuke chini ya 1.5 mm, kutoa 2 mm. Eneo la hatari ni kama nyuzi 10 kabla na baada ya pistoni kufika juu. Weka vilele vya kemu kati ya nyuzi 102 na 106, sproketi ina matundu mengi ya kurekebishia.

Na mwanya wa vali unawekwa kwa shimu chini ya bakuli, kwa hiyo kila marekebisho ni kutoa kemshafti. Andika unene wa kila shimu. Asiyeandika anarudia kazi yote.

#28 Kabureta_Mbili
Sasa zamu yangu. Kabureta za kiwanda za 40 zinatosha hadi unapoweka kemu kali. Baada ya hapo Weber 45 DCOE, benturi (koo la kupitisha hewa) 36. Jeti kuu (tundu la petroli) anza na benturi mara nne: 145. Jeti ya hewa 180 hadi 195. Presha ya petroli usizidishe 0.25 ba, sindano hazivumilii.

Jambo linaloua injini hizi lipo kati ya kabureta na hedi: vishikio vya mpira. Vinapasuka upande wa chini usiouona, hewa inaingia, silinda moja inakosa petroli, pistoni inatoboka. Injini ikiwa inanguruma gari limesimama, nyunyizia kisafisha kabureta kuzunguka vishikio, mbali na ekzosi ya moto. Mlio ukibadilika, umekipata. Badilisha vyote vinne.

#29 NgongRoad
Sasa wakuu, salamu kutoka Nairobi. Klabu ya wenye Alfa Romeo huku ndiyo inayoandaa maonyesho ya Concours d'Elegance, kwa hiyo 105 zipo na zinatunzwa. Hizo jeti za #28 ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800. Hewa ni nyepesi kama 17%, na kabureta haijui, inaendelea kumwaga petroli karibu 10% zaidi ya inavyohitajika. Punguza eneo la jeti 10%, maana yake kipenyo 5%. 145 inakuwa karibu 138, kwa hiyo anza na 140 kisha 135. Nguvu haitarudi, hewa haipo. Faida ni moja, kompresheni ya 10.5 huku haigongi kwa haraka kama ukiwa Mombasa kwa petroli hiyo hiyo.

#30 Mzee wa Pistoni
Safi sana boss. Tusisahau taimingi ya kuwasha plagi. Kwenye puli ya krenki kuna alama tatu: P pistoni juu, F ya injini ikiwa inanguruma, M ya plagi kuwaka mapema kabisa. M hiyo ilipangwa kwa pistoni za kiwanda. Kuba kubwa inazuia moto kusambaa na plagi ni moja, kwa hiyo kuna wanaoongeza hadi nyuzi 36. Mimi naanza 32 na kupanda kwenye dino (mashine ya kupima nguvu). GTA ilikuwa na plagi mbili kwa silinda, moto unaanzia sehemu mbili, ndiyo maana iliridhika na nyuzi chache.

#31 DifuMbaya
Kwani hedi ya plagi mbili ya Alfa 75 Twin Spark haiingii? 84 × 88.5, ile ile.

#32 Dada wa Spana
Injini nzima inaingia, watu wanafanya. Lakini 75 giaboksi yake iko nyuma, kwa hiyo kagua mwisho wa krenki mahali bushi ya shafti ya giaboksi inakaa, na sampo (bakuli la oili) lazima iwe ya 105. Na sahau mashindano yenye kanuni za Kiambatanisho K za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa magari ya kale. Gari linapewa pasi ya kiufundi kwa kile kilichoidhinishwa enzi zake. Twin Spark ni ya miaka ya 80. Mleta mada, hata spesa za boljointi na mikono ya kurekebishika: soma fomu ya uidhinishaji ya gari lako *kabla* ya kununua.

#33 Mkono wa Juu
Hapo nakubali, kwa masikitiko.

#34 DifuMbaya
Basi turudi kwenye difu, hiyo inaruhusiwa kirahisi zaidi kama uwiano umo kwenye fomu. Una 10/41, yaani 4.1. Kwa tairi 195/60 R14, gia ya nne kwa 7,000 unafika kama 190 km/h. Ukiweka 9/41 ya 1600, 4.55, unafika 171 kwa gia ya nne na 216 kwa ya tano. Sakiti nyingi fupi hazina mahali pa 216. Kutoka gia ya kwanza 3.30 hadi ya pili 1.99 pengo ni kubwa, na sinkroni ya pili ndiyo ya kwanza kufa kwenye giaboksi hizi. Ukiwa na 4.55 kona nyingi za gia ya pili zinageuka za gia ya tatu, na ya pili inapumzika.

#35 Fundi Stabilaiza
Na gurudumu litaning'inia kwa gia ya tatu.

#36 MtuWaNord
😂 Taarifa: ZF inaanza kuzunguka kwa nguvu ndogo, sahani zimeisha. Springi za urefu sahihi zimeagizwa, stabilaiza ya kiwanda inarudi. Spesa zinasubiri fomu. Pistoni baadaye.

#37 DifuMbaya
Kama sahani zimeisha basi difu haikusukuma pua. Najiondoa kwenye hoja hiyo, ila gurudumu la nyuma la ndani linazunguka bure, huenda hulisikii kwa sababu ya kelele.

#38 Profesa wa Ekseli
Kama linazunguka bure, nyuma inahamisha mzigo mwingi, kama nilivyosema kwenye #6. Na kama nyuma inahamisha mwingi, mbele haikupaswa kunyanyua kiganja kizima. Kwa hiyo 30 mm za jaribio la #4 zinanisumbua kuliko stabilaiza.

#39 Fundi Stabilaiza
Stabilaiza ilipofunguliwa gurudumu lilishuka, Profesa. Hizo 30 mm zilikuwepo siku hiyo pia.

#40 ChumaChakavu
Kuna mikanda ya turubai nyuma inayozuia ekseli isishuke sana. MtuWaNord, ukiwa chini ya gari kuchukua springi, angalia kama ipo na urefu wake ni sawa kulia na kushoto. Ikiwa mifupi, nyuma nayo haina pa kushuka, bodi yote inavutwa upande wa nje, na hesabu zetu za nukta za kulala zinaanza upya.